Maji Yaliyokosa Pa Kutokea

Nchini New Zealand, mnunuzi akiambiwa nyumba ilijengwa kati ya 1994 na 2004, kisha akaona kuta zake zimepakwa plasta nyembamba iliyonyooka toka chini hadi paani, hatoi pesa kabla ya kumwita mkaguzi mwenye kipimo cha unyevu. Nyumba yenyewe huenda ikapendeza sana: paa la bapa, kuta nyeupe za mtindo wa pwani za Mediterania, roshani inayotazama bahari. Kinachomtia hofu hakionekani. Nyuma ya plasta kuna bodi ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za mbao, nyuma ya bodi kuna karatasi ya kuzuia maji, na nyuma ya karatasi kuna fremu ya mbao za msonobari. Katika maelfu ya nyumba za miaka hiyo, fremu hiyo ilioza mpaka ikawa inachimbika kwa kidole.

Mwaka 2009 kampuni ya PricewaterhouseCoopers iliifanyia serikali ya huko makadirio ya hasara. Ilisema nyumba zilizoathirika huenda ni 42,000 hivi, zikipungua sana 22,000 na zikizidi sana 89,000, na gharama yake ikawekwa kwenye dola za New Zealand bilioni 11.3. Nchi ilikuwa na watu milioni nne na kidogo. Hapakuwa na tetemeko wala kimbunga. Ilikuwa mvua ya kila mwaka, iliyonyesha kama ilivyonyesha siku zote.

Watu wakisimulia habari hii huwalaumu mafundi wabovu, na kweli mafundi wabovu walikuwepo. Lakini fundi mbovu yupo kila nchi na kila zama, na nyumba za babu zao wale wale hazikuoza hivi. Kilichobadilika ni kanuni. Ukuta ulikuwa na kinga kadhaa zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Kinga hizo ziliondolewa moja moja, na watu tofauti, kwa miaka tofauti, na kila aliyeondoa yake alikuwa na sababu inayoeleweka. Hapo ndipo penye funzo, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Msomaji aliyejenga kwa matofali ya saruji, Mbeya au Mombasa, anaweza kushangaa kwamba mvua tu inaweza kumaliza nyumba. Kwetu ukuta ukilowa rangi hubabuka, chumvi hutoka, jua likiwaka ukuta hukauka na tofali hubaki tofali. Nyumba za New Zealand, kama za Marekani na Kanada, kwa sehemu kubwa husimama juu ya fremu ya mbao: nguzo nyembamba zilizopangwa kwa karibu, ndani zikafunikwa kwa jipsamu, nje kwa bodi, na katikati ikajazwa sufi ya kuzuia baridi. Ukuta huu ni mwepesi, hujengwa haraka, na katika nchi ya matetemeko una heri yake kwa sababu hupinda kabla ya kuvunjika. Adui yake ni maji yanayokaa. Aliyewahi kuwa na kabati la MDF chini ya sinki linalovuja anaijua tabia yenyewe: kingo za bodi huvimba kwanza, kisha skrubu zinalegea, kisha mlango hauna pa kushikia. Bodi zinazotokana na mbao zina ugonjwa huo kwa viwango tofauti. Bodi ya saruji na nyuzi inavumilia maji kuliko zote, na uvumilivu huo ndio uliowaponza watu wa New Zealand, kwa sababu bodi ilibaki nzima mbele ya macho yao huku fremu ikioza nyuma yake.

Mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20 haiozi. Ukifika karibu na asilimia 30 na kubaki hapo, kuvu huota na kuanza kuila. Kwa hiyo suala halikuwa kamwe kuzuia kila tone lisiingie. Maji hayahitaji tundu kubwa: upepo ukipiga ukuta, shinikizo la nje huzidi la ndani na maji yaliyotulia juu ya ufa husukumwa kuingia, na ufa ukiwa mwembamba sana yananyonywa yenyewe hata pasipo upepo. Pembe za chini za dirisha, mahali roshani inapogusa ukuta, kichwa cha ukuta wa ukingo wa paa, tundu la bomba: huko ndiko yanakopita. Ukuta unaodumu ni ule unaoingiwa na maji kidogo na kuyatoa kabla mbao haijapata habari.

Nyumba za zamani za nchi hiyo zilivuja pia. Zilikuwa za mbao zilizolaliana, paa la bati lenye mteremko, upenu mpana. Maji yaliyopenya yalitiririka nyuma ya mbao hadi chini, au yalikaushwa na hewa iliyokuwa ikipita ukutani bila kizuizi. Wakazi walilalamika baridi. Mwaka 1978 kanuni ikataka nyumba mpya ziwekwe sufi ya kuhifadhi joto, na uamuzi huo ulikuwa mwema. Hakuna mtu wa haki atakayetaka watoto walale kwenye baridi ili mbao zikauke. Lakini ukuta uliojazwa sufi hukauka polepole. Kinga ya kwanza, ile ya kukauka haraka, ilikwisha kutumika hapo, na wajenzi waliofuata waliendelea kama bado ipo.

Kinga ya pili ilikuwa dawa. Tangu miaka ya 1950 mbao za msonobari aina ya radiata, mti unaokua haraka huko na kulisha karibu sekta yote ya ujenzi, zilitiwa dawa ya boroni kabla ya kuingia kwenye fremu. Sababu iliyotajwa ilikuwa wadudu, wale wanaotoboa mbao na kuacha unga. Baadaye viwanda vikaanza kukausha mbao kwenye tanuri, na hoja ikajengwa hivi: mdudu hapendi mbao kavu, nyumba za siku hizi ni kavu na zina joto, basi kwa nini mwenye nyumba alipie dawa ambayo haina kazi, na kwa nini familia ilale ndani ya kemikali? Kiwango cha mbao kilichotolewa 1995 kiliruhusu mbao zilizokaushwa bila dawa kwenye fremu za kuta, na mwaka 1998 mamlaka ya majengo ya nchi hiyo ikakikubali kama njia halali ya kutimiza kanuni ya uimara.

Hoja ile haikuwa na uongo ndani yake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kitu hufanya kazi ile tu iliyoandikwa kwenye lebo. Boroni iliyowekwa kwa ajili ya wadudu ilikuwa ikizuia kuvu pia. Kwa miaka zaidi ya 40 ilikuwa imesamehe makosa ya mafundi bila mtu kuisifu: dirisha likivuja kidogo, mbao ililowa, ikakaa, ikakauka, na maisha yakaendelea. Ilipoondolewa, uvujaji ule ule uliokuwa kero ukawa uharibifu. Radiata isiyo na dawa, ikilowa na kufungiwa, inaweza kupoteza nguvu zake katika muda mfupi kuliko mkopo wa gari.

Wakati huo huo ukuta wenyewe ulibadilika sura. Wateja walitaka nyumba zisizo na upenu. Upenu ulionekana wa kizamani, na kwenye viwanja vidogo vya mjini ulikula nafasi ambayo ingeweza kuwa chumba. Roshani zikawekwa juu ya vyumba vya kulala, paa zikalazwa, kuta zikapandishwa kupita paa ili kulificha. Bodi ikapigiliwa misumari moja kwa moja juu ya karatasi na fremu, bila nafasi nyuma yake, viungio vikazibwa kwa utepe na kila kitu kikafunikwa kwa plasta na rangi. Mjenzi alitegemea uso huo wa nje uwe mzima daima. Fremu hutikisika, mbao husinyaa ikikauka, bodi hutanuka kwa jua. Ufa mmoja ukitokea kwenye kiungio, maji yaliingia na kujikuta yamebanwa kati ya bodi na karatasi, hayana pa kutokea. Na plasta ikiwa imeshushwa hadi kwenye zege la ua, kama ilivyofanywa mara nyingi kwa sababu hupendeza macho, hata yale yaliyofika chini hayakuweza kutoka. Yaliingia kwenye mbao ya chini ya fremu, ile inayobeba zote.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila halmashauri ilikuwa na kanuni zake ndogo zilizosema jinsi ya kujenga: tumia mbao ya kipimo hiki, misumari mingapi, karatasi ilaliane vipi. Sheria ya Majengo ya 1991 na kanuni zilizofuata 1992 zilikuja na falsafa nyingine. Serikali itasema matokeo inayoyataka, na mjenzi atachagua njia. Kipengele cha unyevu wa nje, kinachoitwa E2, kilitaka jengo lizuie maji ya nje yasipenye na yasikusanyike ndani yake. Mwenye njia mpya angeweza kuileta, akimridhisha mkaguzi kwamba itafikia matokeo hayo. Mimi siipingi falsafa hii. Inaruhusu ubunifu, na nchi nyingi zimeifuata kwa faida. Lakini inahitaji mtu mwenye ujuzi upande wa pili wa meza, anayeweza kusema hapana. Wizara ya Ujenzi ya New Zealand, iliyokuwa ghala la wahandisi na wakaguzi wazoefu, ilivunjwa 1988. Sheria mpya ikaruhusu pia wakaguzi binafsi wakodishwe na mjenzi mwenyewe. Mkaguzi anayelipwa na anayekaguliwa, na anayejua kwamba akikataa kuna mwingine barabara ya pili, yuko katika jaribu ambalo sheria haikupaswa kumwekea.

Kipengele cha uimara, B2, kilikuwa na mpango ambao kila nikiufikiria naona jinsi balaa lilivyokuwa limeandikwa mapema. Sehemu zinazobeba jengo zidumu miaka 50. Sehemu zinazobadilishika kwa shida kiasi, kama kifuniko cha nje cha ukuta, zidumu 15. Zile zinazofikika kwa urahisi, kama rangi, zidumu mitano. Kwenye ukuta wenye nafasi ya kutoa maji mgawanyo huu una akili. Kwenye ukuta uliozibwa, fremu ya miaka 50 ililindwa na bodi ya miaka 15, na bodi ililindwa na rangi ya miaka mitano. Mwenye nyumba aliyesahau kupaka rangi mwaka wa sita alikuwa ameshaanza kupoteza fremu yake, na hakuna aliyemwambia.

Upande wa mafunzo ya kazi nao haukusalimika. Utaratibu wa zamani, ambao kijana alikaa miaka chini ya fundi mkuu kabla ya kushika kazi peke yake, uliondolewa na Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya 1992, na waliokuwa wakiingia kwenye mfumo mpya walikuwa wachache. Kazi ikagawanywa kwa mikataba midogo midogo: huyu anasimamisha fremu, yule anaweka madirisha, mwingine bodi, mwingine plasta. Bati la kuelekeza maji juu ya dirisha liko katikati ya kazi za watu watatu, kwa hiyo likawa si kazi ya yeyote. Silikoni ikatumika mahali pake.

Na onyo lilikuwepo. Hili ndilo linalouma.

Mwaka 1995, mjini Wilmington katika jimbo la North Carolina, Marekani, maofisa wa ujenzi walianza kufungua kuta za nyumba mpya zilizokuwa na tabaka la povu la polisitairini na plasta nyembamba juu ya bodi. Kwa nje zilikuwa safi. Ndani walikuta bodi na fremu zimelowa na kuoza, kwenye nyumba zenye umri wa miaka michache. Plasta yenyewe haikuvuja. Maji yaliingia kandokando ya madirisha, yakafika nyuma ya povu, yakabaki. Mwaka uliofuata jimbo likataka mfumo huo ujengwe kwa namna inayoruhusu maji kutoka.

Vancouver, Kanada, mji unaopata mvua ya milimita zaidi ya 1,100 kwa mwaka, ulikuwa tayari umezama katika tatizo lilelile kwenye majengo ya ghorofa yaliyojengwa tangu miaka ya 1980. Uchunguzi wa shirika la nyumba la serikali ya Kanada uliotolewa 1996 ulionyesha kwamba maji mengi yalikuwa ya nje, yakiingia kwenye maungio ya madirisha, roshani na vichwa vya kuta. Ulionyesha pia jambo ambalo bibi yeyote wa kijijini angelisema bila uchunguzi: kadiri upenu ulivyokuwa mrefu, ndivyo kuta zilivyokuwa na matatizo machache. Mwaka 1998 Dave Barrett, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo la British Columbia, aliongoza tume iliyosikiliza wenye nyumba, na wengi walieleza jinsi walivyotakiwa kulipia matengenezo yaliyokaribia thamani ya nyumba zenyewe. Mwaka huo huo wa 1998, ng'ambo ya Pasifiki, ndipo mamlaka ya New Zealand ilipoipa baraka fremu isiyo na dawa.

Kanuni za nyumba zinazotumiwa na majimbo mengi ya Marekani leo zimejaa vipimo vidogo vinavyoonekana vya kuchosha mpaka ukumbuke visa hivi. Bodi ya nyuzi za mbao inayofunika fremu, ile iliyoloweshwa lami kiwandani ili isinyonye maji haraka, haihesabiwi kuwa ndiyo kinga. Juu yake lazima iwepo karatasi ya kuzuia maji. Karatasi ya juu ilalie ya chini kwa angalau milimita 51, ili maji yakishuka yapite juu ya kiungio na si ndani yake. Penye kiungio cha wima zilaliane kwa milimita 152. Plasta ya saruji ikipakwa juu ya bodi za mbao, karatasi ziwe mbili, au kitu kinacholingana nazo. Fundi asiyeelezwa sababu huona hiyo ya pili ni upotevu. Sababu ni kwamba karatasi ya kwanza hugandana na plasta ikikauka, na maji hayawezi kupita hapo; ya pili ndiyo hubaki huru, na kati ya mbili hizo maji hupata njia ya kushuka. Chini ya ukuta kuna ukingo wa chuma wenye matundu, ukae milimita 102 juu ya udongo au 51 juu ya sakafu ya nje, ili yaliyoshuka yatoke. Kila kipimo hapo kinajibu swali moja: maji yakishaingia yatoke wapi?

Tatizo lilitangazwa wazi New Zealand mwaka 2002. Kikundi kilichoongozwa na Don Hunn, mtumishi mwandamizi wa zamani wa serikali, kilichunguza na kukuta kwamba kosa lilikuwa la mfumo mzima: wasanifu, wajenzi, watengenezaji wa bodi, wakaguzi, halmashauri, mamlaka na soko. Ni kauli ya haki, lakini kwa mwenye nyumba ilikuwa na uchungu wake, kwa sababu mfumo hauna anwani unayoweza kupelekea madai.

Alipoanza kudai, mwenye nyumba alikuta kampuni iliyojenga imeshafungwa. Nyingi ziliundwa kwa mradi mmoja na kuvunjwa ulipokwisha. Fundi wa plasta hakuwa na mali. Sheria ilikata madai miaka 10 baada ya kazi, na maji yanayooza mbao nyuma ya plasta nzima hayana haraka ya kujionyesha. Wapo waliogundua ukuta wao umekwisha wakati mlango wa mahakama umeshafungwa. Walioingia walikuta mdaiwa mmoja tu amebaki na mfuko: halmashauri. Mwaka 1996 Baraza la Faragha (Privy Council) la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya New Zealand wakati huo, katika kesi ya nyumba moja ya Invercargill, lilithibitisha kwamba halmashauri inawajibika kwa mwenye nyumba ikikagua kwa uzembe. Na kwa kuwa mdaiwa yeyote aliyepatikana na hatia pamoja na wenzake aliweza kudaiwa deni lote, halmashauri zililipa sehemu za waliotoweka. Pesa hizo zilitoka kwa walipa kodi za majengo, wakiwemo waliokaa kwenye nyumba kavu za babu zao.

Mwaka 2011 serikali ilianzisha mpango wa msaada: robo italipa yenyewe, robo halmashauri, nusu mwenye nyumba. Waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Nusu ya gharama ya kuvua ukuta mzima, kukata fremu iliyooza na kujenga upya, huku familia imepanga kwingine na mkopo wa benki unaendelea, ni mzigo ambao mwalimu au muuguzi hauwezi. Wengine waliuza kwa hasara. Wengine walibaki ndani na ukungu wao.

Marekebisho yalikuja, na yalikuwa mazuri. Mbao za fremu za kuta zikarudishiwa dawa 2004. Sheria mpya ya majengo ya mwaka huo iliivunja mamlaka ya zamani. Mwongozo mpya wa kipengele cha unyevu ulileta jedwali la kupima hatari kabla ya kujenga: upepo wa eneo, idadi ya ghorofa, jinsi paa linavyokutana na ukuta, upana wa upenu, ugumu wa umbo la nyumba, na roshani. Nyumba inapewa alama kwa kila jambo, na alama zikizidi kiwango, bodi haipigiliwi tena moja kwa moja kwenye fremu. Inawekwa juu ya papi za mbao zinazoiacha mbali na karatasi kwa milimita 20 hivi. Uwazi huo mdogo unatenganisha bodi na fremu, unayaacha maji yashuke kwa uzito wake na hewa ipande kukausha yaliyobaki. Ni papi tu. Ukilinganisha gharama yake na ile ya kuvua ukuta mzima baadaye, moyo unauma.

Jedwali lile nalipenda kuliko marekebisho mengine yote, kwa sababu linajumlisha. Kosa la miaka ya 1990 lilikuwa kila mtu kuangalia kinga yake peke yake. Aliyeondoa upenu alijua karatasi ipo. Aliyeondoa nafasi ya hewa alijua mbao ina dawa. Aliyeondoa dawa alijua ukuta hautavuja. Jedwali linamlazimisha msanifu kuziona zote kwenye ukurasa mmoja, na likimwambia nyumba yake haina upenu, ina ghorofa tatu na iko kwenye upepo, linamtaka alipie mahali pengine kile alichokiondoa.

Mswahili anayenunua nyumba ya fremu Toronto, Minneapolis au Auckland anaweza kuuliza maswali yaleyale bila kuwa mhandisi. Atazame chini ya ukuta kwanza: je, plasta imegusa udongo au zege? Atazame juu ya kila dirisha: kuna bati linaloelekeza maji nje, au ni silikoni tu? Roshani ikiungana na ukuta, maji yake yanaenda wapi? Ukuta wa upande unaopigwa na mvua una upenu? Nyuma ya bodi kuna uwazi? Akiambiwa na muuzaji kwamba ukuta umezibwa kabisa na hauwezi kuingiza maji, hiyo ndiyo sababu ya kumwita mkaguzi wa kujitegemea, na gharama yake ailipe yeye mwenyewe ili mkaguzi amtumikie yeye.

Mwaka 2025 serikali ya New Zealand ilitangaza nia ya kubadilisha tena mambo kadhaa. Wajenzi wanaoaminika waruhusiwe kuthibitisha baadhi ya kazi zao wenyewe, na utaratibu wa mdaiwa mmoja kubeba deni la wote uondolewe, kila mtu alipe sehemu yake tu. Hoja zake zina uzito: vibali huchelewa, nyumba ni ghali mno, vijana hawawezi kununua, na halmashauri zinazoogopa madai hukagua kupita kiasi. Waliobeba mzigo wa wengine kwa miaka 20 wana haki ya kulalamika. Lakini kampuni ya mjenzi ikifungwa, sehemu yake ya deni itamwangukia mwenye nyumba, na ndiyo maana mpango huo umeambatana na mazungumzo ya bima na dhamana za nyumba. Bima hiyo inastahili kusomwa neno kwa neno kabla ya kitu kingine chochote. Wakaguzi binafsi wa miaka ya 1990 nao walikuwa na bima, na madai ya kuta zinazovuja yalipoanza kuingia, kampuni za bima ziliandika upya mikataba na kuuondoa uvujaji ndani yake.